"Karuk" si kaskazini? Naomba msaada wa maneno ya mto na vijito katika lugha ya Wakaruk

mkesha_manukuu ameandika:

Habarini wakuu. Nivumilieni, swali ni refu na limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Kazi yangu ni kuandika manukuu ya filamu. Safari hii nimepewa filamu fupi ya dakika 26 kuhusu mto Klamath, ule unaoanzia kusini mwa Oregon, ukakatiza milima ya kaskazini mwa California hadi bahari ya Pasifiki. Habari yenyewe ni ya mabwawa manne yaliyobomolewa: Copco namba 2 mwaka 2023, kisha Copco namba 1, Iron Gate na J.C. Boyle mwaka 2024. Wazungumzaji wengi ni Wakaruk, kabila la wenyeji wa asili ambao nchi yao iko katikati ya mto huo, pande za Happy Camp, Somes Bar na Orleans. Wanaongea Kiingereza, ila maneno ya Kikaruk yanachomoza kila wanapotaja maji. Mimi Kikaruk sijui hata salamu. Nilichotumiwa na wenye filamu ni orodha ya maneno kumi na moja, kila neno na tafsiri yake ya Kiingereza ya neno moja, basi, jitegemee.

Orodha ni hii (alama za juu ya irabu nimeziacha, simu yangu inazigoma): ishaha maji, ishkeesh mto, thuuf kijito, saamvaroo kijito tena, vuunupu kutiririka, karuk, yuruk, maruk, saruk, aama samoni, na jina moja la mahali lililonishinda kulitamka, Athithufvuunupma. Hilo ni Happy Camp.

Sasa nilivyochemka. Dakika ya 9 kuna mama amesimama ukingoni karibu na Orleans, ananyoosha kidevu kule maji yanakotoka, anasema karuk. Kwenye orodha neno hili limefasiriwa kwa neno moja la Kiingereza ambalo Kiswahili hakina mwenzake wa neno moja, na mimi manukuu yangu hayaruhusiwi kuzidi herufi 42 kwa mstari. Nikafungua ramani, nikaona upande ule ni kaskazini. Nikaandika "kaskazini". Safi, herufi tisa, nikaenda kunywa chai.

Dakika ya 17, mtu mwingine, Happy Camp. Naye anasema karuk, naye ananyoosha kidevu. Ramani inasema mashariki.

Nikarudi nyuma, nikatazama tena mara sita. Mwanzoni nilidhani mmoja wao kakosea. Baadaye nikajua aliyekosea yuko upande gani wa skrini.

La pili ni hilo la "kijito". Nimeliandika mara kumi na nne. Anayenipa kazi amerudisha faili na alama nyekundu: mbona kijito hiki kinavukwa kwa daraja la magari? Ana haki. Mimi nikisikia kijito naona maji ya kuruka kwa hatua moja huku umeshika viatu mkononi. Hiki kwenye filamu ukikiruka utaokotwa bahari ya Pasifiki.

Mwenye ujuzi wa lugha hii au wa eneo lile anisaidie. Siku ya kukabidhi ni Ijumaa.

---

mzee_kiambishi amejibu:

Binti, pole, na usijilaumu sana. Kosa lako ni la heshima. Umekosea mahali ambapo lugha mbili zimeachana njia tangu zamani.

Tuanze na hilo la dira. Wewe unaposema "kaskazini" unadhani unasema jambo la ramani, kumbe unataja upepo: kaskazini ni kunakotoka kaskazi, kusini ni kunakotoka kusi. Wenye Kiswahili walikuwa watu wa majahazi, wakachukua pande za dunia kutoka kwenye kile kilichokuwa kinawasukuma. Wakaruk wana mto mmoja mkubwa kati ya milima mikali, na mto huo ndio unaowagawia pande. Maneno yenyewe unayo tayari kwenye orodha, yapange tu:

karuk, kule mto utokako
yuruk, kule mto uendako
maruk, kupanda mlima, kuuacha mto
saruk, kushuka mlima, kuuelekea mto

Tazama mkia wa -ruk unavyojirudia, kichwa tu ndicho kinachobadilika: ka, yu, ma, sa. Kuna na la tano, ithyaruk, ng'ambo ya mto. Hakuna hata moja linalojali jua linachomoza wapi. Na Klamath haunyooki. Karibu na Happy Camp unakuja kutoka mashariki. Ukishapita pale unakunja kuelekea kusini hadi Orleans na Weitchpec. Ukifika Weitchpec, unapokutana na mto Trinity, unageuka tena kwenda kaskazini-magharibi mpaka baharini. Kwa hiyo mtu anayeshuka na mto huo anakwenda yuruk safari nzima, huku dira yake ikizunguka kama imelewa. Wale watu wawili kwenye filamu yako wote wamesema kweli.

Hata majina ya makabila yametoka humo. Karuk ni "juu mtoni", na majirani zao wanaoishi kuelekea baharini wanajulikana dunia nzima kwa jina la Yurok, ambalo ni hilohilo yuruk la Kikaruk. Wayurok nao kwa lugha yao waliwaita wenzao watu wa kule mto utokako. Ajabu ni kwamba lugha hizi mbili hazina undugu wowote. Kiyurok kina jamaa zake mbali sana, upande wa pili wa bara, wanaitwa Waalgonkini. Kihupa cha jirani yao wa tatu ni cha jamii ya Athabaska. Kikaruk kiko peke yake. Wapo wataalamu wanaokiweka kwenye kundi la Hoka, lakini hadi leo ni kama mtoto anayefanana na kila mtu mtaani na hana cheti cha kuzaliwa. Wenyewe lugha yao huiita ararahih, kutokana na araar, mtu.

Sasa kijito. Hapa ndipo Kiswahili kilipokutega. Sisi kijito tumekizaa kutoka kwa mto: mto, kijito. Ni mto uliopunguzwa. Ukisikia neno, ukubwa unakuja kabla ya maji. Kikaruk nacho kinajua kupunguza vitu, kina kiambishi cha udogo -ich, ila thuuf haikuzaliwa na ishkeesh. Ni mzizi wake mwenyewe. Ishkeesh ni mto, na katika nchi ile ukisema mto tu, kila mtu anajua ni Klamath. Thuuf ni maji yanayotoka mlimani kuuingia. Yanaweza kuwa ya kuruka kwa hatua moja, yanaweza kuhitaji daraja. Saamvaroo nalo kamusi inalifasiri vilevile.

Jina lililokushinda ndilo tamu kuliko yote. Livunje polepole, na th uitamke kama ya "thelathini":

Athith ni hazeli, kile kichaka cha kokwa ambacho fito zake changa husukiwa vikapu. Thuf ni thuuf yetu, irabu imefupika, na th mbili zilipokutana zimebaki moja, ikawa athithuf. Kisha vuun, tiririka. Kisha -upu, ambayo ukiisikia peke yake ni -rupu, "kwenda kule mto uendako". Jumla: pale kijito cha hazeli kinapotiririka kushuka. Kijito chenyewe leo kwenye ramani kinaitwa Indian Creek. Wachimba dhahabu waliokuja kuita mahali pale Kambi ya Furaha walikuwa wakijieleza wao. Jina la kwanza linaeleza maji.

Hiyo -rupu ndiyo ninayotaka uishike, maana itakusaidia filamu nzima. Sisi mkia wa kitenzi tunautumia kusema nani kafanyiwa nini: pika, pikia, pikisha, pikwa. Wao mkia huo wanaujaza pande za mto. William Bright, ambaye sarufi yake ya Kikaruk ilichapishwa mwaka 1957, anaonyesha kwa kitenzi paath, kutupa. Paathroovu ni kutupa kuelekea mto utokako. Paathrupu ni kutupa kuelekea mto uendako. Paathkurih ni kutupa majini, na paathkirih ni kutupa motoni. Irabu moja tu ndiyo inayotenganisha kulowa na kuungua. Kuna mkia wa kupanda mlima, kuna wa kuvuka kwenda ng'ambo, kuna -varak wa kitu kinachokuja kwetu kutoka juu mtoni. Kwa hiyo mtu akisimulia habari ya kutupa jiwe tu, umeshajua mto uko upande gani.

Halafu jambo dogo la kufurahisha wale mnaotaniwa kwa kuchanganya r na l: Kikaruk hakina l kabisa. Tatizo limemalizwa kwenye mzizi. Ndiyo maana pia ujue "Klamath" si neno lao.

Alama za juu ulizoziacha usiziache kwenye filamu, tafadhali. Zinaonyesha sauti inapopanda na inapoporomoka. Waombe wenye filamu wakupe maandishi kamili.

---

chokochoko_za_leo amejibu:

Mzee kashusha darasa. Mimi nina swali moja la kiufundi: dada akiandika "juu ya mto", mtazamaji atajuaje kama samoni wanapanda Klamath au wamelala kitandani?

---

mkesha_manukuu amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na ahsante sana. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

@chokochoko unacheka lakini umegusa donda. Kabla ya "kaskazini" niliwahi kuandika "juu ya mto", nikaliona hilo la mto wa kulalia, nikalifuta. "Juu mtoni" halina kitanda ndani yake ila linasikika kama mtu anaelea. Ila Mwalimu mwenyewe, bila kukusudia nadhani, amenipa dawa: "mto utokako", "mto uendako". Nimehesabu, herufi kumi na moja kila moja pamoja na nafasi. Zinalingana hata kwa urefu! Nina mashaka kidogo tu kama kijana wa leo ataona ni lugha ya utenzi.

Swali lililobaki ni thuuf. Nikiacha "kijito" nitarudishiwa faili. Nikiandika "mto", utachanganywa na Klamath wenyewe. "Tawimto" ni neno la kitabu cha jiografia, na huyu bibi kwenye filamu hazungumzi kama kitabu cha jiografia, anazungumza huku anamenya kitu.

---

nyavu_mbili amejibu:

Nimesita kuingia kwa sababu mimi si mtu wa lugha. Lakini niliwahi kukaa bonde lile majira mawili ya kiangazi, nikiwa na kikundi cha kuhesabu samaki. Kazi yenyewe unavaa nguo ya mpira, barakoa ya kuzamia na bomba la kupumulia, unalala kifudifudi majini na kushuka na mkondo ukihesabu samoni kwa macho. Ukifika kwenye maji mafupi unatambaa kwa tumbo kama kenge. Magoti yangu hayajawahi kusahau.

Nataka niseme kitu kuhusu hilo jina la Happy Camp. Mwalimu kalivunja vizuri, mimi nitaeleza kwa nini mtu angetaka kutaja mahali kijito kinaposhukia badala ya kutaja kijito chenyewe.

Kiangazi Klamath unapata joto. Si joto la kupendeza. Ni maji yanayokaribia uvuguvugu, yana rangi ya chai ya rangi iliyoachwa mezani, na mawe yana utelezi wa kijani. Samoni ni samaki wa baridi, hapo anateseka. Sasa wewe unashuka hivyo, uso majini, huoni kitu zaidi ya urefu wa mkono, halafu ghafla upande mmoja wa mwili unagandishwa. Bega la kulia limepigwa baridi, la kushoto bado liko kwenye uvuguvugu. Unageuza kichwa, na maji yamekuwa kioo. Umefika kwenye mdomo wa kijito. Kuna mstari kabisa, unauona, maji mawili yanakwenda pamoja hayajachanganyika, kama mafuta na siki. Na ndani ya ule upande wa baridi wako wamejipanga, wazima kama magogo, vichwa vyote upande mmoja, wanapumua tu. Mara ya kwanza nilisahau kuhesabu.

Kwa hiyo pale kijito kinaposhukia ndipo samaki alipo. Kama mimi ningekuwa naishi pale miaka elfu, ningepaita vipi? Hivyohivyo.

Septemba 2002 maji yalikuwa machache na ya joto huku chini, kwa Wayurok, samoni walikuwa wameanza kupanda kwa wingi, wakabanana, ugonjwa wa matamvua ukawapitia. Makadirio ya serikali ni kwamba walikufa si chini ya 34,000. Mimi sikuwepo, lakini niliofanya nao kazi waliokuwepo walipoisimulia walikuwa wanashika pua bila kujijua.

Jambo la pili, kuhusu karuk na yuruk. Wale jamaa tuliokuwa nao walikuwa wanaongea Kiingereza, lakini Kiingereza chao nacho kilikuwa kimegeuzwa na mto. Siku ya kwanza nimeulizia ndoo, nikaambiwa iko upande wa mto utokako wa meza. Wa meza! Nikasimama nimeduwaa, ndoo iko pale umbali wa mita mbili. Mtu kushoto kwako, kulia kwako, hakuna. Wiki ya pili nikawa naamka usiku kwenye hema, giza totoro, kabla ya kutafuta tochi nasikiliza kwanza maji yanakwenda wapi. Ukishajua hilo, unajua viatu viko wapi.

Kuhusu thuuf sina msaada mkubwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kule kila kijito ni bonde zima. Kina watu wake, kina moto wake, kina hazeli zake. Hazeli huchomwa kwa makusudi ili fito zichipuke ndefu na zilizonyooka kwa ajili ya vikapu, kisha ndio watu wanakwenda kuzikata. Kwa hiyo wakisema kijito cha hazeli wasikilize kama watu wanaotaja shamba, si maji peke yake.

Ukipata picha za Ishi Pishi kwenye filamu, yale maporomoko ya karibu na Somes Bar, tazama wavuvi wanavyosimama juu ya jiwe na wavu wa mti mrefu. Ni jirani kabisa na Salmon River inapoingia Klamath, na ni jirani na Katimin, ambako kwa Wakaruk ndiko kitovu cha dunia. Napo ni mahali maji mawili yanapokutana. Sitaki kujifanya mwalimu, ila nimeona kama kuna mtindo.

---

mzee_kiambishi amejibu:

Ndugu nyavu_mbili, usiseme huna msaada. Mimi hayo maneno nimeyajua kwa karatasi miaka mingi na sijawahi kugandishwa bega.

Umetaja samaki, nami niongeze jina moja la kuandamana na lile la hazeli. Karibu na Somes Bar kuna mahali panaitwa Ameekyaaraam. Mle ndani kuna aama, samoni, ile iliyo kwenye orodha ya binti yetu. Kuna kitenzi cha kutengeneza. Na mwisho ni -raam, mahali. Panapotengenezwa samoni. Binti, kama limo kwenye filamu, usiliite "kiwanda cha samaki", nakuomba. Ni habari ya kale, ya samoni kupatikana duniani.

Kuhusu "utokako" kuwa ya utenzi: kidogo, ndiyo. Lakini watu wanasema "niendako", "nitokako" kila siku bila kujiona washairi. Iache. Na kuhusu thuuf, ningekushauri usitafute neno moja. Hakuna mahali imeandikwa kwamba neno moja lilipwe kwa neno moja. Mara ya kwanza andika "thuuf, maji yashukayo mlimani". Baada ya hapo bibi akisema thuuf, acha thuuf. Mtazamaji si mtoto.

---

chokochoko_za_leo amejibu:

Mimi nimeondoka na paathkurih na paathkirih. Naenda kumwambia mtu fulani achague mojawapo.

---

mkesha_manukuu amejibu:

Nimekesha tena, lakini kwa raha.

Ripoti ya kazi: "kaskazini" ya dakika ya 9 na "mashariki" ya dakika ya 17 zimefutwa. Zote mbili sasa ni "mto utokako". Vijito kumi na vinne nimevipitia kimoja kimoja. Vitatu nimeviacha, kwa sababu ni vidogo kweli na watoto wanavirukaruka. Vilivyobaki ni thuuf, na maelezo ya Mwalimu mara ya kwanza, herufi 29, yameenea. Athithufvuunupma nimeiweka kama ilivyo kwenye mstari wa juu, na chini yake "Unaposhukia mto wa hazeli", herufi 25. Najua nimeandika mto badala ya thuuf hapo. Nimejaribu "kijito cha hazeli" na kila nikisoma namwona mtu ameshika viatu mkononi. Mwalimu atanisamehe. Alama za juu nimeziomba kwa wenye filamu, wamenijibu ndani ya saa moja na wamefurahi kuulizwa.

Kuna sehemu ya mwisho ya samoni walioonekana upande wa Oregon, Oktoba 2024, juu ya mahali lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle. Wamekutwa kwenye kijito, si kwenye mto. Kabla ya kumsoma nyavu_mbili ningepita hapo bila kushtuka. Sasa nimeelewa kwa nini kamera inang'ang'ania mahali maji yale madogo yanapoingia, sekunde kumi na moja nzima, hakuna anayeongea. Nimeiacha skrini tupu.

Halafu hii ya ndoo imeniumbua. Nimekumbuka dakika ya 22, jikoni, yule bibi anamtuma mjukuu amletee sufuria, anasema Kiingereza kisha anamalizia na karuk. Mimi nilifurahi nikajua hapa sasa ni jina la kabila, nikaandika: "Niletee ile sufuria ya Kikaruk."

Nimeirudia sasa hivi. Kuna sufuria mbili kwenye meza, zote za bati, zote za dukani, na mtoto hakusita hata kidogo: amechukua ile iliyo upande wa dirisha linaloonyesha mto utokako. Naenda kurekebisha kabla hakujakucha.